Daftari la Nyumbani na Kazi Isiyoonekana

Daftari la nyumbani ni kitabu kimoja cha karatasi ambamo familia huandika mambo yanayoiendesha siku hadi siku: kitu gani kinanunuliwa na lini, nani anatakiwa kuwa wapi, bili ipi inakaribia, nani anadai na nani anadaiwa. Si shajara ya kumwagia moyo, wala si kitabu cha hesabu za duka, ingawa hukopa kidogo kwa kila kimoja. Huweza kuwa dayari iliyochapwa tarehe, kaunta buku la kawaida lililopigwa mistari kwa rula, au hata daftari la shule la mtoto lililobaki kurasa nusu. Sura yake haina uzito sana. Kinacholifanya lifae ni kwamba liko moja, lina mahali pake, na kila mkubwa wa nyumba hiyo anajua kulisoma.

Faida yake inayozidi nyingine zote ni kutoa taarifa za nyumba kichwani mwa mtu mmoja na kuzifanya mali ya nyumba nzima. Katika familia nyingi mtu huyo ni mama. Yeye ndiye anayejua kwamba gesi ilibadilishwa wiki tatu zilizopita, kwamba viatu vya shule vya mtoto wa pili vimeanza kubana, kwamba fundi bomba alichukua nusu ya hela na kuahidi kurudi Alhamisi, kwamba vidonge vya presha vya bibi vimebaki vya siku nne. Akisafiri kwenda msibani, simu haipumziki: sukari iliwekwa wapi, bibi ameze kidonge kipi asubuhi na kipi usiku, mwalimu aliomba mchango wa nini. Hakuna aliyemficha mwenzake taarifa hizo. Hazikuandikwa tu.

Mwaka 2019 mwanasosholojia wa Marekani, Allison Daminger, alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na jozi 35 za wenzi kuhusu ile sehemu ya kazi za nyumbani inayofanyika akilini. Aliigawa katika hatua nne: kuona haja kabla haijafika, kutafuta njia za kuitimiza, kuamua, kisha kufuatilia kama lililoamuliwa limefanyika. Hatua ya kuamua mara nyingi ilikuwa ya mume na mke pamoja. Ya kwanza na ya mwisho ziliwaelemea zaidi wanawake, na ndizo zinazochosha, kwa sababu hazina saa ya kuanza wala ya kumaliza. Wenzi hao ni Wamarekani, na maisha yao hayafanani na ya nyumba ya Tabata au ya Likoni. Hata hivyo mgawanyo wake unaeleza vizuri kazi ya daftari. Daftari halimwamulii mtu wala halimtafutii njia, ila hatua za kuona mbele na kufuatilia linaweza kuzibeba kwa kiasi kikubwa, mradi linaandikwa.

Kuandika mambo ya nyumba kitabuni ni desturi ya zamani, lakini kitabu chenye tarehe zilizochapwa kwa ajili ya kuuzwa kina historia fupi. Mwaka 1812 John Letts, muuza vifaa vya kuandikia wa London, alitoa dayari ya kibiashara ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Ililengwa kwa wafanyabiashara, na dayari nyingi zinazouzwa hadi leo zimebaki na umbo hilo la kiofisi.

Aliyeliandalia jiko kitabu chake kwa makini zaidi ni Mjapani Hani Motoko, aliyezaliwa mwaka 1873. Alianza kazi ya gazeti kama msahihishaji wa prufu, akapanda hadi kuwa mwandishi wa habari, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini Japani kufanya kazi hiyo. Mwaka 1904 alichapisha kitabu cha hesabu za nyumba, ambacho Wajapani hukiita kakeibo. Kilichokitofautisha na daftari la matumizi la kawaida ni mpangilio: mwenye nyumba huanza kwa kugawa kipato katika mafungu, chakula, mavazi, elimu, afya na mengineyo, kabla ya senti kutumika. Kila jioni matumizi ya siku huandikwa chini ya fungu lake, na kilichobaki katika fungu huonekana hapo hapo. Hani na mumewe walikuwa na jarida la wanawake, lililokuja kuitwa *Fujin no Tomo*, na kupitia jarida hilo njia hiyo ilienea. Mwaka 1930 wasomaji wake waliunda chama cha nchi nzima ambacho wanachama wake walifundishana kutunza hesabu za nyumba. Kitabu hicho kinaendelea kuchapishwa kila mwaka, zaidi ya karne moja baada ya toleo la kwanza.

Jambo la kujifunza kwa Hani ni kwamba alimchukulia mwanamke wa nyumbani kama msimamizi mwenye hesabu zake, anayestahili chombo cha kazi kama alivyostahili karani wa benki. Vitabu vingi vya kupangia siku vinavyouzwa sasa vina maua, vibandiko na maneno ya kutia moyo kila ukurasa, lakini nafasi ya kuandika bei ya unga haipo.

Afrika Mashariki nayo ina mazoea yake ya karatasi, tena yaliyokomaa. Mwenye duka, mangi kama anavyoitwa mitaani Dar es Salaam, ana daftari la madeni lenye jina la kila mteja. Kamati ya harusi ina orodha ya ahadi na ya waliokwisha kutoa. Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyofuata mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kila mwanachama ana kitabu kidogo ambamo hisa zake hugongwa mhuri, mhuri mmoja kwa kila hisa, mbele ya wenzake wote. Mama ambaye kila wiki anahakikisha mihuri yake imehesabiwa sawasawa hahitaji kufundishwa umuhimu wa kumbukumbu. Tatizo mara nyingi ni kwamba nidhamu hiyo huishia kikundini, na akirudi nyumbani hesabu ya huko inabaki kichwani.

Swali la kwanza la wengi ni kwa nini karatasi, wakati simu iko mkononi. Simu ina mambo ambayo karatasi haiwezi. Inapiga kengele saa ya dawa ikifika, inajumlisha bila kukosea, inatunza ujumbe wa kila muamala wa fedha. Kwa kazi hizo haifai kuachwa. Lakini simu ni ya mtu mmoja, ina neno la siri, huisha chaji, na anayeifungua kuandika "nyanya, vitunguu" hukuta jumbe tatu za kikundi zikimsubiri, akatoka dakika ishirini baadaye bila kuandika nyanya. Daftari lililo juu ya kabati la vyombo liko wazi kwa baba, kwa dada wa kazi, kwa shangazi aliyekuja kuuguza na kwa kijana wa kidato cha pili.

Upo pia ushahidi unaohusu kumbukumbu yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakiongozwa na Kuniyoshi Sakai waliwapa watu 48 ratiba ya kuandika, wengine kwenye kitabu cha karatasi, wengine kwenye kishikwambi, wengine kwenye simu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, walioandika kwenye karatasi walimaliza kwa dakika 11 hivi, wa kishikwambi 14, wa simu 16. Baadaye walipoulizwa maswali kuhusu ratiba ile, ubongo wa wale wa karatasi ulionyesha kazi nyingi zaidi katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Watafiti walihusisha hali hiyo na alama za mahali ambazo karatasi huzitoa: neno liko kona ya juu, karibu na doa la chai, ukurasa wa kushoto. Kwenye kioo cha simu maneno yote hupita mahali pamoja.

Utafiti mwingine unagusa usiku. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, aliwaweka vijana 57 maabarani na kuwapa dakika tano za kuandika kabla ya taa kuzimwa. Nusu waliandika mambo waliyokwisha kuyafanya siku zilizopita, nusu wakaandika yanayowasubiri. Kundi la pili lilipata usingizi dakika tisa hivi mapema kuliko la kwanza, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo bayana ndivyo usingizi ulivyowahi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Ni utafiti mdogo wa usiku mmoja, na haufai kugeuzwa dawa ya kukosa usingizi, lakini mama anayelala akihesabu kesho yake atauelewa mara moja.

Kwa matumizi ya nyumba, kaunta buku huishinda dayari mara nyingi. Jalada lake gumu huvumilia maji na mafuta ya jikoni, kurasa zake ni nyingi, na halimlaumu mtu kwa siku alizoruka, kwa kuwa tarehe anaiandika mwenyewe. La kwaya mbili linatosha nyumba ya kawaida mwaka mzima. Dayari ya kuchapwa hufaa nyumba yenye miadi mingi: watoto wanaosoma shule tofauti, mgonjwa wa kliniki ya kila wiki, mzazi anayefanya kazi kwa zamu.

Anayechagua dayari aangalie saa zilizochapwa. Dayari nyingi huanza 7:00 au 8:00 na kwenda mbele kwa hesabu ya kizungu, ilhali nyumbani watu huhesabu saa moja, saa mbili. Miadi ya kliniki ya 9:00 ikiandikwa "saa 9" na mtu mmoja, mwingine akiisoma jioni, mgonjwa hufikishwa hospitali alasiri wakati daktari ameondoka. Nyumba ikubaliane mapema juu ya namna moja. "Saa 3 asb" na "saa 9 alas" ni maandishi mafupi yasiyo na utata, na yanafaa kuliko tarakimu zilizochapwa pembeni.

Kalenda nayo ina lake. Kwa familia za Kiislamu, Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, hivyo gharama za futari na nguo za Idi huhama pia. Zikiangukia karibu na Januari, mwezi wa ada, sare na madaftari, nyumba hubanwa pande mbili kwa mpigo. Ukurasa wa mwaka mzima, unaoandikwa mwanzoni kabisa mwa daftari, ndio unaoonyesha mgongano huo miezi kadhaa kabla haujafika. Tarehe zinazotegemea mwandamo ziandikwe kwa penseli.

Ukurasa huo wa mwaka hubeba mambo machache mazito: ada kwa mihula, bima, kodi ya nyumba ambayo wapangaji wengi hutakiwa kulipa kwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, harusi zilizokwisha kutangazwa, misimu ya mvua kwa nyumba yenye paa linalovuja au shamba la kulima. Mtoto mchanga akiwepo, tarehe zake za chanjo hupigiwa hesabu siku anapozaliwa na kuandikwa zote kwa pamoja: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Kadi ya kliniki inabaki kuwa hati yenyewe, ila kadi hukaa ndani ya mfuko wa nailoni kabatini, na haimkumbushi mtu.

Baada ya mwaka huja wiki, na hapa ndipo daftari linapoishi. Kurasa mbili zinazotazamana zinatosha. Upande wa kushoto huandikwa siku saba na shughuli za kila siku, jina la mhusika likiwa mbele ya kila shughuli. Bila jina, "kumpeleka Bibi kliniki" ni matumaini. Upande wa kulia huwa na manunuzi na matumizi. Alama chache hutosha, na mtindo uliobuniwa na Mmarekani Ryder Carroll na kutangazwa mwaka 2013 una alama rahisi zilizoenea duniani: nukta kwa jambo la kufanywa, msalaba likishafanywa, mshale likihamishiwa wiki nyingine. Mshale una manufaa kuliko unavyoonekana. Jambo lililohamishwa wiki nne mfululizo linauliza lenyewe kama kweli linahitajika, au kama aliyepewa hana uwezo nalo.

Sehemu inayoleta faida ya haraka ni ile ya vitu vinavyoisha polepole. Tuseme nyumba inapikia gesi na mkaa, na mtungi wa kilo 6 umefungwa tarehe 3 Februari. Aliyefunga regulata anaandika "gesi 3/2". Unaisha tarehe 14 Machi: siku 39. Wa pili unakwenda siku 36, wa tatu 41. Kuanzia hapo nyumba inajua kwamba ikifika siku ya 34 hela ya gesi iwe imeshawekwa kando, na hakuna tena kuzimikiwa wali ukiwa katikati ya maji. Kubwa zaidi, mtungi wa nne ukiisha kwa siku 22, kuna la kuuliza. Huenda walikuwepo wageni, huenda maharage yanapikwa bila kulowekwa, au mpira unavuja, au mtungi ulikuja pungufu. Bila tarehe, siku 22 na siku 39 hupita kichwani kama "gesi siku hizi haikai".

Umeme wa kulipia kabla, uwe LUKU wa Tanzania au tokeni za Kenya, hufuatwa kwa njia hiyo hiyo. Mita ikisomwa kila Jumapili jioni na kukutwa na uniti 41.6, kisha Jumapili inayofuata 13.2 bila kununua katikati, zimetumika uniti 28.4, yaani nne na kidogo kwa siku. Wiki ambayo hesabu inaruka hadi sita, familia huanza kutafuta chanzo: pasi, hita ya maji, friji ambayo mpira wa mlango umechoka. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukabidhiwa kazi hii na kuifanya kwa uaminifu mkubwa, na hesabu ya kutoa anayojifunzia hapo ina maana kwake kuliko ya kitabuni.

Chakula cha duka la jirani huhitaji ukurasa wake kama nyumba hununua kwa mkopo. Anayetumwa dukani anaandika alichochukua na bei, siku hiyo hiyo, na mwisho wa mwezi daftari la nyumbani huwekwa kando ya daftari la mangi. Tofauti nyingi zinazoonekana ni za kusahau, za pande zote mbili. Zikikutwa zimeandikwa, huisha kwa mazungumzo ya dakika mbili, na ujirani hubaki salama.

Kwa upande wa fedha, mpango wa mwezi mmoja unafaa mwenye mshahara. Kaya nyingi haziko hivyo. Utafiti wa shirika la FSD Kenya uliofuatilia fedha za kaya karibu 300 kati ya mwaka 2012 na 2013, uliotolewa kwa jina la *Shilingi kwa Shilingi*, ulionyesha wazi kwamba kipato cha kaya hizo kilitoka katika vyanzo kadhaa vidogo na kilipanda na kushuka mwezi hata mwezi. Mama lishe hesabu yake ni ya siku. Mvuvi hufuata bamvua na maji mafu. Mkulima hufuata mavuno. Kwa hao, kugawa mafungu kila hela inapoingia, hata iwe shilingi elfu nane, ni bora kuliko kusubiri tarehe mosi. Fungu la kwanza ni lenye tarehe isiyosogea, kama marejesho ya mkopo au kodi, na matumizi ya jikoni hufuata. Michango ya misiba na harusi nayo ipewe fungu. Familia nyingi huiona kama dharura, lakini ukipitia kurasa za mwaka uliopita utaikuta karibu kila mwezi, na kinachokuja kila mwezi si dharura.

Nyumba yenye mgonjwa wa presha au kisukari hufaidika kwa ukurasa wa vipimo: tarehe, saa, namba, na kama dawa imemezwa. Daktari anayeonyeshwa vipimo vya wiki sita mfululizo ana cha kufanyia kazi kuliko anayeambiwa "inapanda na kushuka". Ukurasa huo uwe nyuma kabisa, pamoja na majina ya dawa yaliyonakiliwa kutoka kwenye boksi, namba za simu za watu wa karibu, na namba ya mita. Neno la siri la benki au la simu halina nafasi humo. Daftari linalosomwa na kila mtu lisiwe na kitu ambacho si cha kila mtu, na hata madeni ya siri kati ya ndugu yatafutiwe mahali pengine.

Kuandika kuna saa yake. Dakika kumi za Jumapili jioni, baada ya chakula, hutosha kupanga wiki, na dakika tatu kila usiku hutosha kufunga siku. Baba na mama wakikaa pamoja katika zile kumi, kazi ya kuona mbele huanza kugawanyika kwa kweli. Mama akikaa peke yake, daftari huweza kuishia kuwa mzigo mwingine juu ya mizigo yake: bado anakumbuka yeye, na sasa anaandika pia. Hilo ndilo linalotofautisha daftari linalosaidia na linaloongeza kazi. Dada wa kazi naye apewe kalamu. Ndiye anayeona unga ukikaribia kwisha, na akiuandika mwenyewe hahitaji kusubiri kuulizwa, wala halaumiwi kwa kutosema. Asiyejua kusoma vizuri anaweza kuweka alama kwenye orodha ya vitu iliyokwisha kuandikwa.

Madaftari mengi hufa kati ya Februari na Machi, na sababu hazibadiliki sana. Mwenye nyumba alianza na kurasa nyingi mno, za mlo, za mazoezi, za malengo, za kila kitu, na wiki ya kwanza ya homa ya watoto ikaziangusha zote. Au daftari lilifungiwa chumbani, likawa la mtu mmoja. Au mahesabu yake yaligeuzwa fimbo: kila usiku mtu aliulizwa elfu mbili ilikwenda wapi, hadi watu wakaacha kuandika au wakaanza kuandika uongo. Dawa ya la kwanza ni kuanza na kurasa tatu tu, wiki, manunuzi, na vitu vinavyoisha, na kuongeza nyingine haja ikijitokeza. La pili hutibiwa kwa kamba na msumari jikoni, kalamu ikiwa imefungwa hapo hapo. La tatu ni gumu zaidi, na halitibiwi kwa karatasi. Nyumba inapaswa kukubaliana kwamba daftari linaandika kilichotokea, na kwamba kila mtu mzima ana kiasi kidogo cha kutumia bila kukitolea maelezo. Kiasi hicho kiingizwe kama fungu.

Siku zilizorukwa haziandikwi upya kwa kukisia. Hupigwa mstari, na kazi huendelea kuanzia leo.

Daftari likijaa, au mwaka ukiisha, mambo machache huhamishiwa kwenye jipya: madeni yasiyolipwa, tarehe zinazojirudia, wastani wa siku za gesi na uniti za umeme, namba muhimu, orodha ya dawa. La zamani huandikwa mwaka kwenye ubavu na kuwekwa pamoja na risiti za ada na za kodi, kwa sababu mwaka wa pili ndio unaowezesha kulinganisha bei ya gunia la mkaa la Aprili hii na la Aprili iliyopita, au kumwonyesha mwenye nyumba tarehe aliyolipwa. Kurasa zenye vipimo vya mgonjwa zibaki kwa muda wote anaoendelea na matibabu. Kurasa nyingine zenye majina na namba za watu zisiuzwe pamoja na makaratasi ya kufungia vitumbua. Zichanwe au zichomwe.